Karate Isiyo na Teke

Alhamisi, tarehe 11 Oktoba 1990

Kasete ya karate imepotea. Ilipotea Jumanne, katikati ya ziwa, ikitoka Kigoma. Camille, mwenye kuniletea mizigo na mutumbwi wake wa mota, anaapa ni wimbi lilibeba mufuko. Wimbi! Wimbi lenye kuacha katoni zote za sabuni za Camille na kuchagua kasete yangu mimi. Wimbi la namna hiyo lilifaa kupewa kazi ya forodha.

Nikamuambia ameniua. Akasema nisikasirike, ameniletea ingine, alipewa na mwalimu muzungu aliyekuwa anahama Kigoma. Nimeiweka kwenye mashini, nimeangalia dakika kumi. Filme ya zamani, haina rangi, luga haijulikani. Mutoto wa miaka saba hivi anatembea. Anatembea tu! Camille anasema ni filme yenye heshima dunia muzima, ilitengenezwa na marafiki watatu bila kampuni yoyote, kamera juu ya bega. Nikamuuliza kama hiyo dunia muzima itakuja kukaa kwenye benchi za nyumba yangu ya video kesho.

Maana kesho si siku ya kucheza. Kesho Papa Léon anakuja. Huyu njo kaka ya Générose. Générose ni muuza ndagala, mujane mwenye watoto wawili, na muntu peke yake Kalemie muzima anayenishinda kwa hesabu. Nataka kumuoa. Yeye pia anataka. Lakini kwa hizi familia za zamani za hapa, mujomba njo mwenye watoto wa dada yake. Léon njo analea wale wawili, na bila neno la Léon hakuna ndoa. Na Léon anapenda karate kuliko bukari, ule ugali wetu wa kila siku. Plani yangu ilikuwa safi: kiti cha mbele chenye muto, mateke saa moja na nusu, roho inalainika, mimi naomba.

Théophile, mwenye nyumba ingine ya video ngambo ya barabara, alishasikia. Alivuka kuja kunipa pole, meno yote nje. Bwana huyu tangu Pasaka ananunua ndagala kwa Générose kila asubui, na kila muntu anajua tumbo lake halikubali samaki.

Nimepata akili. Nimeandika kwenye kibao kwa chokaa: KESHO, FILME YA NGUVU, KARATE YA MUTOTO. Nani atanishitaki? Mutoto yuko.

Ijumaa, tarehe 12 Oktoba

Walijaa mpaka madirishani. Théophile alisimama mulangoni kuhesabu watu wangu, akakosa vidole. Nilivaa kravati. Tangu mwezi wa ine serikali imeruhusu tena kravati na majina ya ubatizo, vyote ilivyokataza miaka mingi, na mimi nilirudisha vyote viwili kwa siku moja: ÉVARISTE kwa rangi nyekundu juu ya mulango, kravati shingoni.

Kama kawaida, nilisimama pembeni ya televizyo, fimbo mukononi, kueleza. Filme zote zinakuja na luga za wenyewe. Mimi njo mudomo wao. Hizo luga sizijui. Hiyo haijawahi kunizuia.

Mama anatuma mutoto maziwa. Mutoto anaangusha chupa, inapasuka. Anaogopa kurudi. Anazunguka muji wao muchana kutwa. Watu wanangoja teke. Kufika katikati, muntu wa nyuma akauliza huyu mutoto ataanza kupigana saa ngapi. Nikajibu bado anajifunza kuvuta pumzi. Karate ya kweli inaanza na pumzi. Wakakubali!

Halafu muzee mumoja akaja kukaa na mutoto kwenye benchi, akatoa mukate. Nikaona filme inahitaji chumvi. Nikapiga kelele: huyu njo mujomba wake! Watu wakafurahi. Haa, mutoto amefika nyumbani! Muzee akaanza kula. Akala. Akala mbele ya mutoto mwenye njaa. Akasimama, akaenda zake.

Moto ukawaka. Mujomba gani huyo! Kula peke yako, mwipwa wako anakuangalia mudomo! Mama mumoja akasema hata mbwa wa bandarini anamusogezea mwenzake kidogo. Na wote wakageuza shingo kwa Papa Léon, mujomba anayejulikana mutaa muzima, kama vile mukate uko mukononi mwake.

Léon alisimama. Aliweka muto wangu juu ya kiti, polepole. Akasema kwa ile sauti ya upole inayoogopesha: "Papa Évariste, nimeelewa. Umeniita mbele ya watu unionyeshe vile unaniona." Akatoka.

Mateke mpaka mwisho: sifuri. Kofi moja tu, la mama anapomupata mutoto wake, na palepale anamukumbatia. Muvuvi mumoja akasema kama hiyo ni karate, basi bibi yake ana mukanda mweusi. Théophile alicheka mpaka akashikilia mulango wangu. Ningemuambia aulipie.

Jumamosi, tarehe 13 Oktoba

Générose alikuja asubui, beseni kichwani, hakulitua. Akasema kaka yake hajatia kitu mudomoni tangu jana. Akasema Léon hajawahi kugusa samaki wake kabla hajawagawia wale watoto, hata siku za njaa. Nikajitetea: nilimusema mujomba wa wazungu. Akaniuliza kama hao wazungu njo walikuwa wamekaa kwenye kiti cha mbele. Akasema nitengeneze mambo, haraka, kwa sababu yeye hawezi kuolewa juu ya matusi. Na ndagala akaniuzia kwa bei ya mugeni.

Kutengeneza? Kazi ndogo. Filme irudiwe leo, na muzee mubaya awe baba. Kwa familia za hapa, baba akisemwa hakuna mwenye kuwaka sana. Mujomba anatoka safi kama sahani, habari inamufikia Léon mbele ya jua kuzama. Nilijisifu. Peke yangu, lakini nilijisifu.

Kumbe nilisahau upepo. Ziwa lilichafuka, wavuvi wetu wa kaskazini hawakutoka, wakaja wote kwangu, mbele yao Papa Salomon. Papa Salomon ni mukubwa wetu sisi tuliotoka pande za juu za ziwa. Yeye njo atanisimamia kwa kina Générose siku ya kuomba bibi. Na kwetu sisi mutoto ni wa baba: jina la baba, nyumba ya baba, kila kitu cha baba. Nilijua. Ninajua tangu kuzaliwa. Lakini mudomo ulikuwa mbele.

Muzee akatoa mukate. Nikasema: huyu njo baba yake!

Papa Salomon aliacha muzee amalize kula. Akasimama. Akasema ameona baba mwenye kupiga, ameona baba mulevi, ameona baba mwenye kuoa kila masika. Lakini baba wa kwetu wa kula mukate peke yake mbele ya kijana wake, huyo bado hajazaliwa. Akauliza ni nani alinifundisha kuuza baba zangu kwa wageni. "Tafuta mudomo mwingine wa kukuombea bibi. Huu wangu umefungwa."

Nikaeleza. Hakuna aliyesikia. Nikapaza sauti. Wavuvi wakapaza zao, na wale wamezoea kuitana toka mutumbwi mpaka mutumbwi. Nikazidisha. Katikati ya neno "samahani" kitu kikakatika kooni: kaa! Kama kunguru.

Hesabu ya leo: asubui nilikosa shemeji tu. Mangaribi nimekosa shemeji, musemaji na sauti. Yote kwa sababu ya mukate mumoja.

Jumapili, tarehe 14 Oktoba

Sauti hakuna. Tangawizi, chumvi, asali, hakuna.

Nilifunga mulango. Misa ya kwanza ilipotoka, ukagongwa. Mama Agathe! Mama mwenyewe wa Léon na Générose, na nyuma yake mamama wa kanisa na vitenge vyao vya Jumapili. Alikuwa amemushika Léon kwa mukono wa shati, kama mutoto wa shule. Akasema amesikia juu ya muzee wa mukate, anataka kumuona na macho yake. Juzi walimuhukumu mujomba, jana walimuhukumu baba. Yeye hajaona kesi inayokatwa bila pande zote kuwepo. Alishatuma watu kumuita Papa Salomon. Salomon akaja, uso umekunjwa. Théophile naye akaja. Huyo haitwi, anakuja.

Nilitaka kukataa. Na sauti gani? Nikaandika kwenye kibao: KESHO. Mama Agathe akakigeuza, akakikalia. Akanionyesha kiti, kule nyuma. Nikakaa. Njo mara yangu ya kwanza kuona televizyo yangu toka mbali. Ni ndogo!

Filme ikaenda bila mudomo wangu. Ajabu, walielewa. Chupa ilipopasuka, mamama wote kwa pamoja: yooo! Mumoja akasema hata yeye alivunja mutungi kule kwenye muto Lukuga, akalala ndani ya mutumbwi wa jirani kwa woga. Mwingine akasema kosa ni la mama, nani anatuma mutoto na chupa? Wakabishana. Mutoto akaendelea kutembea, na wao wanamuambia apite wapi.

Benchi. Muzee. Mukate. Nilifunga macho.

Nikasikia kelele. Si ya hasira! Nikafungua. Chini kabisa kwenye kioo cha televizyo, upande wa kushoto, mukono wa muzee: anakata mukate vipande viwili, na kimoja anakitia ndani ya mufuko wa koti la mutoto, polepole, akiangalia pengine, ili mutoto asipate haya. Upande wa kushoto. Chini. Mahali ninaposimama mimi. Siku mbili zote, mimi na fimbo yangu na kravati yangu, tulisimama mbele ya huo mukono!

Papa Léon akageuka. Akaniangalia. "Kumbe njo wewe Papa Évariste ulikula mukate wa mutoto!"

Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Salomon alicheka mpaka kikohozi kikamushika, na Léon njo alimupiga mugongo. Walipotulia wakaanza upya: Salomon akasema muntu mwenye mukono ule lazima ni baba. Mama Agathe akasema hapana, ule ni mukono wa mujomba, mutazame tena. Théophile akasema pengine ni mupita njia tu. Wote wawili wakamuambia anyamaze. Asante Mungu.

Kofi lilipopigwa, mamama walilia. Léon alijifuta macho, akasema nyumba yangu ina vumbi. Mama Agathe akasema kwenye karate za wajukuu wake watu wanaanguka, wanasimama, hakuna anayeumia. Lakini hili kofi moja limemuuma mpaka hapa. Akajigusa shavu.

Mulangoni Papa Léon alinishika mukono. Akasema familia itakaa Jumapili ijayo, nije na Papa Salomon, mambo ni mazuri. Salomon akasema mudomo wake umefunguka. Léon anataka kitu kimoja tu kwangu: mpaka siku hiyo nikae vile nilikaa leo. Kimya. Nyuma yake Générose alikuwa anacheka na macho. Niliitika kwa kichwa mara nyingi. Nilipumua kama muntu aliyetolewa ziwani.

Jumanne, tarehe 16 Oktoba

Sauti imerudi! Imerudi leo asubui juu ya chai.

Nimefikiri sana. Nani aliwaleta watu wote wale Jumapili, pande zote mbili, na makofi na machozi? Maelezo yangu. Bila mujomba wa Ijumaa na baba wa Jumamosi, Mama Agathe angekanyaga hapa? Kila kitu kilienda vile nilipanga, ila mimi nilikuwa bado sijajua kwamba nimepanga.

Kwa hiyo kesho filme inarudiwa, na maelezo kamili. Nimeazima kipaza-sauti kwa wanakwaya. Muzee atakuwa baba nikiangalia upande wa Papa Salomon, mujomba nikiangalia upande wa Papa Léon. Fimbo nimenunua ndefu zaidi.

Na hiyo Jumapili ni mbali. Kukaa kimya ni plani ya watu wasio na plani. Nimemuandikia Léon, barua imeshaenda, nakala ni hii:

"Papa Léon, nakusalimu sana. Sauti yangu imepona, kwa hiyo hakuna tena sababu ya kungoja. Umeshaona filme, umeshalia, sasa unijibu. Unanipa Générose ao haunipi? Nataka neno moja, ndiyo ao hapana, kesho Jumatano mbele ya saa sita ya muchana. Saa sita ikipita sijasikia kitu, nitakuuliza ndani ya kipaza-sauti, na utajibu mbele ya soko muzima."