Mlinzi Niliyempaka Shangazi Mguuni

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi amelazwa. Kidonda cha mguu wa kulia kimeoza, na mguu huo ndio unaokanyaga cherehani. Kwa cherehani hiyo alinilea. Daktari wa wodi kasema dawa ikifanya kazi mguu utabaki, isipofanya, wataukata. Nimemwambia Shangazi asihofu, maabara ya hospitali hii ni mimi. Si kweli kabisa. Yupo pia Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, ambaye mkuu wa maabara humsifu hata akipiga chafya.

Jumatano, 5 Machi
Majibu mazuri! Nilikuwa nimeotesha usaha wa Shangazi kwenye sahani, nikapanga juu yake vikaratasi vyenye dawa. Leo bakteria wote waliokaribia dawa wamekufa. Matibabu yameanza. Shukrani zote kapewa daktari. Binamu zangu wamemnunulia soda. Mimi nimerudisha chupa.
Nina mpango. Kwenye friji yetu yumo bakteria tunayemwita Mpole. Hamdhuru mtu, na dawa zetu zote anazidharau; tunamfuga ili kuhakikisha vipimo vyetu havidanganyi. Nikimpaka kidondani, dawa itaua wabaya, Mpole atabaki amekalia nafasi yao. Mlinzi wa kudumu! Shangazi atapona haraka kuliko wote, na Miwani atabaki kumeza mate.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefanya. Shangazi nimemwambia ni mafuta ya kulainisha ngozi. Akaniombea dua ndefu. Muuguzi alikuwa dirishani na simu yake, hakuona kitu. Nimetoka wodini nikitembea kama daktari bingwa.

Jumapili, 9 Machi
Kidonda kilichokuwa kinakauka kimelowa tena. Kinanuka. Joto limepanda. Daktari kaagiza vipimo upya, na mkuu kampa Miwani kazi hiyo. Nimesema wazi kwamba dawa lazima ni bandia.

Jumanne, 11 Machi
Ni bakteria wale wale wa mwanzo, ila sasa wanaota mpaka kwenye ukingo wa dawa. Mkuu akauliza ujasiri huo wameutoa wapi. Miwani akaeleza kwa ile sauti yake ya chini. Bakteria wengine, mbali na jeni zao za kawaida, hubeba kipete kidogo cha jeni chenye maelekezo ya kuishinda dawa. Mwenye nacho hunyoosha kimrija, humshika jirani, na nakala ya kipete hupita. Chake kinabaki. Jirani si lazima awe wa ukoo wake. Kesho jirani naye anampa mwingine.
“Aliyewapa hawa silaha huenda mwenyewe hana madhara kabisa,” akasema Miwani. “Swali ni nani aliyemleta kidondani.”
Mkuu akaamua kwamba ni uchafu wa wodi. Nikaunga mkono haraka mno. Nimeteuliwa mwenyekiti wa kamati ya usafi! Cheo, hatimaye. Sikuweza kula.

Alhamisi, 13 Machi
Wameukata, chini ya goti. Nililia chooni, bomba nimelifungulia wasinisikie. Shangazi alipozinduka aliuliza kama zipo cherehani za kukanyagwa kwa mguu mmoja wa kushoto. Nikasema zipo. Sijui. Akanishika mkono.
“Mwanangu, bila wewe ningeshakufa.”
Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikamwambia alale.

Jumamosi, 15 Machi
Nimewaza sana, na kosa nimeliona. Mpole ni mkarimu kupita kiasi. Angewezaje kulinda kitu mtu anayegawa kila alicho nacho? Pale palihitaji bahili. Kwenye rafu ya chini ya friji yumo mmoja ambaye sijawahi kusikia amempa jirani chochote. Kwa kweli sijawahi kusikia habari zake zozote, na hiyo nayo ni dalili njema.
Mshono wa Shangazi bado mbichi. Kesho Miwani hayupo kazini. Nimepita wodini nikamwambia Shangazi kwamba nitakuja na mafuta mengine, bora kuliko yale. Uso wote ulimchangamka. Kamwomba muuguzi kesho asimfunge bandeji mpaka mwanawe afike.