Kwa Msimamizi wa Kompyuta Asiyeonekana Kazini

Msimamizi wa Kompyuta,
Mezani, sebuleni kwangu.

Ndugu Msimamizi,

YAH: UTORO WAKO KAZINI NA MADHARA YAKE KWA UBABU WANGU

Kwanza nakujulia hali popote ulipojibanza humo ndani. Sisi huku nje hatujambo, isipokuwa mtandao. Mimi ndiye mwenye nyumba, mwenye meza na mwenye kompyuta unayosemekana kuisimamia. Pia ni afisa utumishi mstaafu. Kazi yangu ya maisha ilikuwa kuwauliza watu wazima kwa nini hawakuja kazini, na sikutegemea kuirudia nikiwa nimevaa kandambili, lakini umenilazimisha.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu huduma ya kuchapisha nayo imegoma. Barua naiweka juu ya kibodi, mahali ambapo hutakosa kuiona siku ukiamua kuja. Malalamiko nimeyatia namba ili usije ukajitia hamnazo.

1. Umeme ulikatika, ukarudi, na alama ya mtandao ikawa haipo. Sisemi kwamba ilififia au ilipigwa mstari mwekundu. Haipo kabisa. Nilifungua dirisha la miunganisho nikakuta peupe. Nikakiita kile kitatuzi cha matatizo kilichowekwa humo kwa kazi hiyo hiyo. Kikazunguka, kikazunguka tena, kikatangaza kwamba hakikuona tatizo lolote, halafu kikaniuliza kwa adabu kama tatizo limekwisha. Nilipojibu hapana, kikanishauri nitafute msaada kwenye mtandao. Nimefanya kazi na watu wa kila aina, Ndugu Msimamizi, lakini hata mlevi wetu wa stoo hakuwahi kuniambia nikachukue funguo ndani ya chumba kilichofungwa.

2. Nilishuka mwenyewe hadi kwa wafanyakazi, yaani huko mnakoziorodhesha huduma. Huduma ya mtandao ilinieleza kwamba imeshindwa kuanza kwa sababu huduma ambayo yenyewe huitegemea haijaanza. Nikaenda kwa hiyo ya pili, nayo ikasema inaisubiri ya tatu. Ya tatu ikanielekeza kwa ya nne, ambayo ilisimama kidogo, ikaanguka tena bila kutoa maelezo. Mchezo huu wa kutupiana mpira naujua vizuri. Dereva hawezi kwenda kwa sababu karani hajasaini, karani hajasaini kwa sababu mhasibu hajafika, na mhasibu anamsubiri dereva akamchukue nyumbani. Kwetu ofisini watu wa namna hiyo tuliwaita mezani wote kwa pamoja, na kabla chai haijapoa ukweli ulikuwa umepatikana. Huduma zako nilijaribu kuziita mezani. Hazina hata sura za kutazamwa.

3. Kila ninapotaka kuiamsha mojawapo, inatokea ilani: huna ruhusa, wasiliana na msimamizi wa kompyuta. Chini yake pana kinafasi cha kuandika neno lako la siri. Sasa mimi siri zako nitazijuaje? Hatujawahi hata kupeana mkono.

4. Si kwamba sijakutafuta. Nilimulika tochi kwenye matundu ya nyuma, nikakuta vumbi na kipepeo mkavu, ambaye natumaini si wewe. Nilimwita shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi wa majokofu. Aliweka sikio juu ya kompyuta, akasema gesi ipo. Nikamhoji na mke wangu kwa utaratibu unaokubalika, nikitaka kujua kama kuna mwanamume yeyote aliyewahi kufika hapa akajitambulisha kuwa ndiye msimamizi. Alinijibu, "Humu ndani msimamizi namjua mmoja tu, na huyo hata taa ya choo hakumbuki kuizima." Jibu hilo nimelinukuu kama lilivyo kwa ajili ya kumbukumbu, ingawa sikuona linahusiana vipi na swali.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Binti yetu ameolewa mbali, na ni kwenye kioo hiki ndiko tulikomwona mwanawe tangu akiwa bado anabebwa kwenye kitambaa. Mtoto huyo ndiyo kwanza anaanza kusema. Simu zetu sisi ni za vibonyezo, hazionyeshi mtu. Kwa hiyo mke wangu, ambaye hana subira na mambo ya wajukuu, siku hizi anakwenda kumwona kwenye mashine ya jirani. Jirani mwenyewe ni yule ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Honi, kwa sababu huwa anapiga honi mbele ya geti lake na funguo anazo mfukoni. Mimi na yeye hatusemezani tangu nilipomwandikia barua ya onyo kuhusu usingizi wangu wa mchana, akaitumia kufutia kioo cha gari.

Siendi kwake, basi. Nasimama kwenye ua unaotutenganisha nikijifanya napunguza matawi, na ua wenyewe sasa umebaki vijiti. Nikiwa pale na mkasi wangu nilimsikia mjukuu wangu, damu yangu mwenyewe, akiita "Babu! Babu!" kwa sauti ya furaha. Na nilimsikia Bwana Honi akiitika, "Naam, mjukuu wangu!" bila hata chembe ya haya. Roho iliniuma, sitakuficha. Nilirudi ndani, nikakaa mbele ya kioo cheusi, nikakosa hata wa kumkaripia.

6. Baada ya kutafakari, nimeanza kushuku kwamba Bwana Honi ndiye wewe. Usicheke. Tangu mtandao upotee, katika mtaa huu aliyefaidika ni mmoja tu: amepata mjukuu bila kumlea binti, na mke wangu humpelekea maandazi ya shukrani yanayotoka katika jiko langu. Tena mtu anayepiga honi afunguliwe geti lake mwenyewe ni mtu aliyezoea vyeo vya kukaa tu. Kama wewe si yeye, njoo uthibitishe. Kama ni yeye, maandazi yasimame mara moja wakati uchunguzi ukiendelea.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima ufike kazini saa za kazi. Kiti nimekuwekea, na chai ipo chini ya kawa. Kama shida yako ni usafiri, au ni mahali pa kulala, chumba cha wageni kina kitanda, na nimemwomba mke wangu atandike shuka safi. Ukishafika, uzifukuze huduma zote zilizogoma, uajiri nyingine zenye njaa ya kazi. Kisha uandike tamko rasmi, kwa herufi kubwa, lenye muhuri, kumweleza mjukuu wangu kwamba nafasi ya Babu ilijazwa kihalali siku aliyozaliwa na haijawahi kutangazwa kuwa wazi. Najua hajui kusoma. Mama yake atamsomea.

Ukishindwa hata hilo, napendekeza umwage unga. Unyang'anywe neno la siri, cheo chako apewe mtu mzima mwenye busara, uzoefu wa kusimamia watu na uchungu na kompyuta hii. Mtu wa namna hiyo mimi namfahamu, na kwa sasa hana kazi nyingine.

Nisalimie huduma zote, zikiwemo zilizogoma, maana ugomvi wetu ni wa kikazi tu. Kitatuzi nakitakia macho mema. Mke wangu anakusalimu pia, ingawa kila akikutaja anageukia ukutani na mabega yanamtikisika. Shemeji anasema ukisikia joto umwite.

Ni mimi ninayekusubiri mbele ya kioo,
Mtumiaji (ndivyo mnavyoniita)
Afisa Utumishi Mstaafu

Tanbihi: Barua hii ilikaa juu ya kibodi hadi mke wangu alipopita kufuta vumbi. Akaenda nayo kwa jirani, akamsomea binti yetu yote, na mahali pengine alirudia. Binti alicheka mpaka akaomba maji, kisha akanitumia ujumbe. Ananikumbusha kwamba siku tulipoiwasha kompyuta mara ya kwanza nilikataa katakata kuitwa mtumiaji ndani ya nyumba yangu. Nikajiandikisha msimamizi, nikaweka neno la siri ambalo hata mke wangu nilimficha. Ni yeye binti aliyenifungulia baadaye mlango mwingine wa kuingilia, wa mtumiaji wa kawaida, ili nisije nikaharibu kitu.

Hivyo barua imemfikia mhusika. Nimeisoma kwa makini nikiwa katika nafasi yangu ya Msimamizi, na nimeona kwamba mwandishi wake ni mtu wa hasira za bure, aliyemshutumu mtumishi mwandamizi bila kumpa nafasi ya kujieleza. Malalamiko yote yametupwa. Bwana Honi amesafishwa jina, maandazi yaendelee. Suala la kunyang'anya neno la siri halitajadiliwa.

Niliandika neno lenyewe, nikabonyeza Ndiyo, na huduma zikaamka zote bila ubishi, mtandao ukarudi. Mjukuu wangu akatokea kwenye kioo, amenenepa, ana meno. Akanitazama, kisha akamgeukia mama yake akauliza, "Huyu nani? Babu wapi?"

Nimetoka hapo hapo, nimekwenda kugonga geti la Bwana Honi, nikamwomba tafadhali aje anitambulishe.