Muhuri wa Maarifa ya Mahali

Ilitangazwa rasmi, mbele ya kamera na keki, kwamba tangu siku hiyo hakuna kampuni iliyozaliwa na chuo kikuu jijini Toronto itakayoruhusiwa kubuni kitu bila Muhuri wa Maarifa ya Mahali. Muhuri wenyewe ulikaa mkobani mwa Daktari Lester, Mgoa wa Nairobi, mkurugenzi aliyeijua mitaa yote ya Toronto kwa ramani, maana ramani haichafui viatu.

Mwombaji wa kwanza alikuwa Wema, mhandisi. Kampuni yake changa, iliyotoka maabara ya chuo, ilikuwa imebuni kifaa kinachosikiliza lifti na kutabiri itakwama lini.

"Maarifa haya mmeyatoa wapi?" aliuliza Daktari Lester.

"Kwa mama yangu, Bi Asumpta. Anakaa mtaa wa Crescent Town, hapa hapa jijini, ghorofa ya kumi na nne. Majirani hawapandi lifti kabla ya kumwuliza. Akisema 'leo ngazi,' ni ngazi. Lakini yeye mwenyewe magoti hayamruhusu. Baridi iliyopita alikwama huko juu, akakosa kliniki mara tatu. Tukipata muhuri, kifaa kitafungwa kwenye lifti yao kabla ya theluji."

Mkurugenzi aliguswa sana, akafungua fomu. "Alizaliwa wapi?"

"Bukoba."

"Kwao kulikuwa na lifti?"

"Hapana."

"Basi tuna tatizo la kitaalamu. Maarifa ya Bukoba hayahusu lifti, na maarifa ya lifti hayatoki Bukoba. Mama hajui kitu tunachoweza kukithibitisha."

Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliunda kamati ya watu saba, naye akiwemo, ikakague kama mahali hapo kweli ni mahali.

Kamati iliwasili Jumamosi, siku ya kufua. Bi Asumpta aliwapokea chini, ameketi kwenye kiti ambacho majirani humwekea kando ya lifti.

"Karibuni, wanangu. Hii msipande. Imekohoa mara mbili."

"Shikamoo, mama," alisema Daktari Lester kwa upole wa kiofisi. "Onyo lisilo na muhuri hatuwezi kulipokea."

"Marahaba. Haya, pandeni."

Wakapanda wote saba, na mkoba wenye muhuri. Lifti ikainuka kimo cha goti, ikakohoa ya tatu, ikanyamaza. Kati ya milango ukabaki ufa wa kupitisha karatasi. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, Daktari Lester alikuwa mahali.

Alivumilia kadiri cheo kilivyomtaka. Kisha akaita, "Mama! Itafunguka lini?"

"Mimi wa Bukoba nitajuaje?"

Ndani kukasikika muhuri ukigonga. Fomu ya Wema ikachungulia kwenye ufa. Bi Asumpta akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari, kwani hati rasmi haistahili kusomwa mbiombio.

"Hapa pa mthibitishaji umepaacha wazi, mwanangu. Wanauliza: umeishi katika eneo hili kwa muda gani?"

Mkurugenzi akatazama saa yake. "Saa moja na dakika arobaini."

"Andika," akasema Bi Asumpta, akiirudisha fomu ufani. "Tena kwa herufi zinazosomeka. Fundi huyu hapa. Nilimwita ilipokohoa mara ya kwanza, na sasa anamalizia chai."