Adabu ya Daktari Rahimu na Chanjo ya Sungura Wangu

Makorora, Tanga
Jumatano, 9 Julai

Kwa Dk. Tadeo,
Mwenye Kliniki ya Mifugo,
Tanga.

Daktari, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ni ndefu na sikuweza kuifupisha.

Kuna mlio haujanitoka masikioni tangu Jumamosi. Ni mlio wa vipande vya barafu vikigonga bilauri ya juisi ya ukwaju. Kwa mtu mwingine ungekuwa mlio wa raha. Kwangu ulikuwa mlio wa chanjo ikiharibika, kwa sababu barafu ile ilitoka kwenye chupa ya chai ya Daktari Rahimu, kijana wako, na humo ndimo nilimojua kuwa chanjo ya sungura wangu imehifadhiwa.

Naitwa Najat Hatibu. Ni mwalimu wa Bailojia, na wiki ijayo naanza kazi katika sekondari moja ya Pangani. Nina sungura wawili weupe, Karafuu na Hiliki, niliowalea tangu walipokuwa wakienea kiganjani. Mama mwenye nyumba nitakayopanga huko, Bi Hamdiya, anafuga sungura arobaini, na hao ndio wanaomwendeshea maisha. Ameniambia kwa simu, kwa upole usioacha nafasi ya kujadiliana, kwamba sungura asiyechanjwa haingii kwake. Nampa haki. Siwezi kwenda kumuulia sungura arobaini kwa sababu ya wawili wangu. Lakini wakibaki Tanga, watabaki kwa shangazi yangu Bi Mastura, ambaye ninampenda sana, ila tangu asikie habari hii amenunua nazi nne na hajasema ni za nini.

Utaona basi kwamba kwangu mimi swali la kama chanjo ilifanyika sawasawa si jambo dogo. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba.

1. Kuingia. Daktari Rahimu alifika saa nne na dakika kumi. Alipiga hodi mara tatu, akasubiri akaribishwe, akavua viatu, akaweka chupa yake ya chai hapo mlangoni penye jua, akamwamkia shangazi. Akamuuliza hali. Shangazi akamtajia magoti, akauliza hali ya magoti. Kisha ikajulikana kwamba shangazi ni mtu wa Mkwaja na bibi yake daktari naye alizaliwa Mkwaja, na hapo ikabidi watafute undugu. Waliupata saa nne na dakika hamsini na tano. Nimesoma vitabu vyangu vyote vya chuo na sijaona mahali palipoandikwa kwamba undugu unahifadhi chanjo.

2. Barafu. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Shangazi hakuwa tayari kumpa mgeni, ambaye sasa alikuwa mjukuu wake, juisi isiyo baridi. Akaiona chupa, akaifungua, akakuta barafu, akamshukuru Mungu. Daktari alimwona. Mimi nilimwona daktari akimwona. Angeweza kusema, bibi, hiyo ni ya dawa. Alichosema ni kwamba juisi ya ukwaju kama ile hajaionja tangu azaliwe, na akaongezewa. Kwa hiyo daktari wako aliunywa ubaridi wa chanjo yangu, bilauri mbili, na baadaye akala mkate wa kumimina.

3. Utambulisho. Sungura wangu wanafanana mno. Nilikwenda jikoni kutafuta kitambaa cha kuwafunikia macho, na niliporudi nikaambiwa kazi imekwisha. Shangazi ndiye aliyewashika. Nilipomuuliza nani alitangulia, akanijibu, yule mweupe. Mpaka leo sijui kama Karafuu amechanjwa mara mbili na Hiliki hajachanjwa, au kinyume chake, au kama daktari, kwa kuona haya kumkatiza shangazi hadithi ya harusi ya binamu yake, alimchanja huyo huyo huku akisikiliza.

4. Kadi. Kadi tuliyopewa ni ya mbwa. Neno mbwa limekatwa kwa mstari na juu yake limeandikwa sungura, hilo sina neno nalo. Lakini penye jina la mnyama pameandikwa Mastura. Jinsia, jike. Umri, miaka sitini na miwili. Hali yake, mzima na mchangamfu. Inaonekana daktari alikuwa akiuliza maswali ya kadi na shangazi akidhani anaulizwa yeye, na daktari akaona si vizuri kumrudisha nyuma mtu mzima. Nimeomba kadi ili ikarekebishwe, shangazi amekataa. Amesema katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kuandika mahali kwamba yeye ni mchangamfu. Ameiweka kabatini pamoja na kitambulisho cha kupigia kura.

5. Dalili. Hakuna. Tangu Jumamosi nawapima joto asubuhi, mchana na jioni. Leo Karafuu ana nyuzi thelathini na nane nukta tisa, na Hiliki hivyo hivyo. Wanakula mchicha, wanachimba, wanafukuzana chini ya kitanda. Mimi nilipochanjwa shuleni mkono ulivimba siku tatu na sikuweza kushika kalamu. Nimejiuliza ni chanjo gani hii isiyomuudhi mtu hata kidogo, nikajijibu kwamba ni chanjo iliyotolewa na daktari asiyependa kumuudhi mtu.

6. Hali ya ukanda mzima. Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu jambo hili limenikaa kichwani na nimelifuata mpaka mwisho. Ikiwa daktari hawezi kukataa bilauri, na ikiwa kutoka hapa Makorora mpaka Mkwaja sijui nyumba moja ambako mgeni hapewi bilauri, basi katika ukanda huu hakuna mnyama aliyechanjwa ipasavyo. Kuku wanaotaga, wanataga kwa bahati. Mbuzi walio hai, wako hai kwa sababu hawajapata habari. Tumejenga usalama wa mifugo yetu yote juu ya barafu ambayo kila mama mwenye heshima zake anaitia kwenye juisi.

Kwa hayo yote, naomba nitumiwe kabla ya Ijumaa daktari mwingine asiye na adabu. Sisemi mtu mbaya. Nasema mtu anayeingia bila hodi, asiyevua viatu, asiyeulizia magoti ya mtu, asiye na bibi Mkwaja wala kwingineko, na anayekataa chakula kabla hakijafunuliwa. Ikiwezekana amkasirishe shangazi pale pale mlangoni, ili shangazi aingie ndani atuache tufanye kazi. Kama katika kliniki yako hayupo mtu wa namna hiyo, basi Daktari Rahimu mwenyewe afundishwe. Niko tayari kumpa vipindi vitatu bila malipo. Kipindi cha kwanza ni namna ya kusema sitaki.

Naomba pia kila chupa ya kliniki ibandikwe maandishi makubwa kwamba barafu hii si ya mgeni.

Nisiwe mnafiki, Daktari. Mimi nami nilikuwepo. Niliona barafu ikitoka na sikufungua mdomo, kwa sababu kumwaibisha shangazi mbele ya mgeni kulinishinda. Hilo nimelifikiria kuliko mengine yote. Lakini mimi ni mwenye sungura tu, sikwenda chuo kujifunza kukatalia watu. Yeye amekaa huko miaka mitano.

Wasalimie wote hapo kliniki, na nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo. Daktari Rahimu naye msalimie, ila salamu zenyewe zisimchukue muda.

Mimi mwenye kusubiri jibu,
Najat Hatibu

Nyongeza
Pangani, Jumatatu, 14 Julai

Barua hii sikuituma siku ile. Alhamisi niliamua kuileta kwa mkono, nikafika kliniki haijafunguliwa. Uani nilimkuta Daktari Rahimu akipakia pikipiki yake. Chanjo aliitia kwenye kiboksi cha bluu chenye barafu yake, akakifunga kwa mpira nyuma ya kiti. Kisha akachukua chupa ya chai, akaijaza barafu tupu, akaining'iniza kwenye usukani.

Nilimsalimu, tukaulizana hali, akamuulizia shangazi. Ndipo nikamuuliza barafu ile ni ya nini. Aliona haya. Akasema, ni ya juisi, mwalimu. Akaniambia kwamba mwaka wake wa kwanza kila nyumba walikuwa wakimfungulia chupa, na kuwakatalia wazee hakuweza, basi siku hizi chanjo inabaki kwenye pikipiki kivulini na barafu ya wenyeji anaingia nayo ndani. Jumamosi alikwenda kuifuata chanjo nje wakati mimi niko jikoni na kitambaa. Akaniambia pia kwamba kila mnyama anayemchanja anamtia nukta ya dawa ya zambarau ndani ya sikio la kushoto, ili asimrudie. Nilirudi nyumbani nikatazama. Kila mmoja anayo yake. Siku zote zile nilikuwa nikiwapima joto upande wa pili wa mwili.

Kwa hiyo nafuta malalamiko namba moja mpaka sita, pamoja na maombi yangu yote. Barua naituma hata hivyo, kwa sababu nilimtuhumu mtu kwa maandishi na naona nimsafishe kwa maandishi. Vipindi vile vitatu havitakuwepo. Sina cha kumfundisha.

Kadi mpya alinijazia hapo hapo, akinisomea kila mstari kabla ya kuandika. Bi Hamdiya aliipokea juzi, akaitazama kidogo, akaikunja. Akaniambia, mwanangu, karatasi nimeiona, sasa nakuuliza wewe, una hakika? Sungura wake arobaini walikuwa nyuma yake wakitafuna majani. Nilimwomba anipe mpaka leo nifikiri, na nimefikiri.

Asubuhi hii kabla ya kwenda darasani nimefungua mlango wa banda lake, nikawaingiza wote wawili.