Daktari wa Kinyonga wa Mama Magreth

Miaka ile kila kitu kilipokuwa ruksa, Luqman alipata koti jeupe kwenye marobota ya mitumba, na tangu siku hiyo akawa daktari. Daktari wa nini, ilitegemea mgonjwa.

Asubuhi moja alipita mtaa wa Sekei akamkuta Mama Magreth, mjane mwenye shamba lake la kahawa huko mlimani, amekaa barazani na kabati la kioo la kuwekea maandazi. Ndani hamkuwa na andazi. Mlikuwa na kinyonga mwenye pembe tatu, aliyeshuka naye kutoka shambani, macho yamedidimia, rangi kama jivu.

Luqman alimfahamu Khalfani wa Lemara, aliyenunua vinyonga wa aina hiyo na kuwauzia Wazungu.

"Shikamoo mama. Mimi ni daktari wa vinyonga."

"Marahaba." Mama alilitazama koti, kisha kandambili. "Basi tibu."

"Nitamchukua nikamtibie kwangu."

"Mtibie hapahapa. Nitakupikia chai."

Luqman akakimbilia Lemara kuuliza.

"Mgonjwa sinunui," alisema Khalfani. "Kwanza mtoe kwenye kioo, anaiva humo. Anataka wavu apate hewa, matawi ya kupanda, na maji yadondokee majani. Kinyonga hanywi kwenye bakuli."

Basi tapeli akafanya kazi, jambo ambalo ukoo wake ungelikana. Aliuza redio yake akanunua mbao na wavu, akagonga banda kwenye kivuli cha migomba, akaweka kichaka ndani, akatoboa kopo na kulining'iniza juu lidondoshe maji. Asubuhi alikimbiza panzi majanini, koti likipepea, majirani wakichungulia kwa mbali. Kinyonga akafungua jicho moja. Kisha la pili, likatazama kwingine. Siku aliporusha ulimi akamnasa panzi, Luqman alijikuta anapiga makofi, akaona aibu.

"Amepona," alimwambia mama. "Ila lazima nimpeleke zahanati yangu kwa uangalizi."

Alitegemea ubishi. Mama aliingia ndani, akatoka na kikapu kilichofunikwa kanga.

"Usimfunue njiani, upepo utampiga."

"Kitaalamu kabisa," alisema Luqman.

Kule Lemara, Khalfani alifunua kikapu akamkuta kinyonga wa kijani, pembe tatu. Akagusa moja. Ikang'oka. Ulikuwa mwiba uliogandishwa kwa ugali. Wa pili ukaanguka wenyewe.

"Huyu yuko kwenye kila ua mjini," alisema Khalfani. "Hata ukimvisha taji, sinunui."

Luqman alirudi Sekei amefura. Mama Magreth alikuwa kando ya banda, na ndani yake yule wa pembe za kuzaliwa nazo ametulia juu ya tawi.

"Mama, umenitapeli."

"Keti, chai ipo."

"Ulijua lini kwamba mimi si daktari?"

"Siku ya kwanza."

"Na bado ukaniacha?"

"Magoti yangu hayakimbizi panzi tena," alisema mama akimimina chai. "Na vijana wa hapa ni waaminifu sana, lakini wakimwona kinyonga wanatimua mbio. Nikasema, hapa anahitajika mwizi. Mwizi haogopi mali."

Luqman alikunywa chai yote kwa hasira. Kisha, bila kumtazama mama, akauliza kama mgonjwa ameshakula.

"Bado," alisema Mama Magreth.