Naibu Kamishna Azindua Mtambo wa Kuuliza Mara Moja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Makamishna wa Kaunti ya Tamarack Prairie. Waheshimiwa makamishna wenzangu mliofika, na ninyi ambao theluji imewakwamisha barabarani. Mchungaji wa kanisa la Kilutheri la upande huu wa barabara na Mchungaji wa kanisa la Kilutheri la upande ule, ambao nawaomba leo msalimiane. Mkuu wa Shule, mwenye ukumbi huu wa mazoezi. Kocha wa mpira wa magongo. Malkia wa Wafugaji wa mwaka huu na Malkia wa Wafugaji mstaafu. Kina mama wa kamati ya kahawa. Wadau, wadau wenza, na wadau watarajiwa. Na yeyote niliyemsahau, ajitaje mwenyewe kimoyomoyo na ahesabu kwamba nimemwinamia: hamjambo? (Hatujambo.) Sikuwasikia. (Hatujambo, Verlyn! Anza, magari yanaganda nje!)

Kwa majina kamili naitwa Verlyn Tollefsrud, Naibu Kamishna wa Afya, Lishe, Barabara za Changarawe na Mambo ya Kidijitali, na kabla sijaingia kwenye kiini cha hotuba yangu naomba nitambue mapokezi ya kina mama wa kamati ya kahawa, walionikaribisha lefse, zile chapati zetu za viazi, zikiwa bado za moto, siagi inachuruzika, nami nikasema hapana asante, wakanikaribisha tena, nikasema msijisumbue, wakanikaribisha mara ya tatu, nikasema haya, kidogo tu, nikala nne, kwa sababu mimi ni mtu niliyelelewa, na katika kaunti hii mtu aliyelelewa hakubali kitu mara ya kwanza hata kama anazama ziwani na anarushiwa kamba. (Kicheko. Sauti: "Ulikula sita!")

Ndugu wananchi, sote tunaifahamu ile apu ya simu ya kuhesabu kalori, ambayo ofisi yangu, kupitia mkakati mtambuka wa lishe shirikishi, iliwahimiza muipakue kwa wingi, na mkaipakua kwa wingi, mkawa mnaandika humo kila mnachotia mdomoni, na ukila chini ya lengo skrini inageuka ya kijani na kukupigia makofi. Huo ni ufanisi. Hata hivyo, katika zoezi lolote lenye mafanikio hapakosi changamoto ndogondogo, na changamoto ndogondogo iliyojitokeza ni kwamba baadhi ya wananchi waliipenda rangi ya kijani kupita matarajio ya mpango kazi, wakaanza kula kidogo, kisha kidogo cha kile kidogo, wakaogopa mkate, wakaogopa harusi, wakaogopa hata supu ya bibi zao, hadi madaktari wakaanza kuniletea neno ambalo halimo kwenye bajeti, yaani ugonjwa. (Mtu anakohoa.)

Sasa, wakati wataalamu wangu wakiwa kwenye semina elekezi kuhusu namna ya kuandaa semina, iligundulika kwamba ndani ya apu hiyohiyo, kwenye chumba cha soga, kulikuwa na kikundi kisicho na leseni, kinaitwa Meza ya Nyuma, kikiongozwa na Darlene Pribyl, ambaye wote mnamjua kwa bima za mashamba, na ambaye kumbe naye aliwahi kuugua maradhi hayohayo. Nimeyasoma mazungumzo yao kwa macho yangu. Mmoja anaandika, "Nimekaa mezani, siwezi." Mwenzake anamjibu, "Nami nimekaa. Shika uma, tuanze wote." Dereva mmoja wa lori anayejiita Mlapole anaegesha kando ya barabara kuu, anafungua mkate wake na kuandika, "Nimemeza. Zamu yako." Kisha wanataniana, wanaitana majina ya mboga, na hakuna anayetaja kalori hata moja, ndani ya apu ya kalori! Nikajiuliza, huu si uhujumu wa mfumo?

(Darlene Pribyl, kutoka safu ya kati: "Wagonjwa wako humo, Verlyn, ulitaka tuwafuate wapi, kwenye barabara zako za changarawe?" Kicheko, makofi.)

Asante, Darlene, maswali baadaye. Lakini lililonishtua zaidi kama mtu wa ufanisi ni kanuni ya kikundi hicho. Mwanachama akinyamaza, wanamwuliza kama anahitaji msaada. Akisema hapana, wanamwuliza tena. Akisema hapana, wanamwuliza mara ya tatu! Ndugu zangu, swali lilelile, mtu yuleyule, mara tatu! Tathmini yetu ya kina imebaini kwamba theluthi mbili ya maswali yote yaliyoulizwa na Meza ya Nyuma yalikuwa ni marudio, na marudio ni upotevu, na upotevu ni adui wa maendeleo. (Sauti ya mama wa kamati ya kahawa: "We Verlyn, hata kahawa mtu haitikii mara ya kwanza!" Sauti nyingine: "Mwulize lefse zake!")

Kwa hiyo jana asubuhi, kwa mamlaka niliyopewa, nimewasiliana na wenye apu, na kikundi cha Meza ya Nyuma kimefungwa rasmi. (Minong'ono. Darlene anasimama, anakaa.) Tulieni. Serikali haifungi mlango bila kufungua dirisha. Mahali pake leo tunazindua Mtambo Jumuishi wa Kidijitali wa Sahani Salama, ambao unamwuliza mwananchi swali moja, mara moja, kwa sauti ya upole, "Je, unahitaji msaada?" na kurekodi jibu milele. Na matokeo ya majaribio, shikilieni viti, ni ya kihistoria: kati ya wananchi wote waliohojiwa, asilimia mia moja walijibu, "Hapana, asante, sijambo." Asilimia mia! Hakuna kaunti katika Minnesota nzima, na nathubutu kusema duniani, iliyoutokomeza ugonjwa huu kwa swali moja! (Anangojea makofi. Mchungaji wa upande huu anapiga mawili, anamtazama wa upande ule, anaacha.)

Na ili msiseme ni maneno matupu, nimewaletea mfano hai. Yumo humu binti yetu ambaye, kwa takwimu za apu, hajawahi kuvuka lengo tangu mavuno, skrini yake ni ya kijani kama shamba la Juni, na ofisi yangu imemwandalia Cheti cha Nidhamu ya Sahani. Solveig Haugerud, njoo mbele, mama! Mnamjua Solveig, ndiye anayeendesha mashine ya kulainisha barafu kwenye uwanja wa magongo, ingawa mwezi uliopita aliteleza akaanguka na sasa amepumzishwa.

(Darlene: "Hakuteleza, Verlyn. Alizimia." Solveig Haugerud anatoka safu ya mwisho, amevaa koti zito na kofia ya sufu, ingawa ukumbi una joto. Anashika kila kiti anachokipita. Hakuna anayepiga makofi.)

Makofi jamani, mtoto amejituma! Haya. Solveig, simama hapa mbele ya pazia, mtambo uko nyuma yake, usiogope. Mtambo, uliza.

(Sauti ya kike kutoka nyuma ya pazia: "Je, unahitaji msaada?" Solveig anatazama sakafu, anatabasamu. "Hapana, asante. Sijambo.")

Mmesikia? Sekunde chache! Bila foleni, bila daktari, bila gharama! Faili limefunguliwa na faili limefungwa, na sasa nitamkabidhi cheti...

(Pazia linasogea kidogo. Sauti ileile: "Kweli, mwanangu? Mbona mikono yako imekonda hivyo?")

Mtambo una hitilafu ndogo ya kiufundi, msijali, teknolojia ndivyo ilivyo.

(Solveig: "Hapana, kweli, msijisumbue. Barabara zenyewe za kwenda kliniki mbaya.")

Naam, amekanusha mara mbili, jambo ambalo ni zaidi ya viwango vyetu, kwa hiyo nasoma cheti: Bodi ya Makamishna, ikizingatia nidhamu ya hali ya juu...

(Darlene Pribyl amekwisha fika mbele. Anaongea kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kinamnasa. "Solveig. Tangu jana asubuhi nakuandikia na ujumbe unarudi. Sikulala. Kliniki wana nafasi, nimeongea nao. Gari langu linaunguruma pale nje, limeshapata joto. Sitaki utuambie kama unahitaji. Nauliza tu, twende?")

Darlene, utaratibu! Swali limeshajibiwa! Hatuwezi kuwa na kaunti ambayo mtu anaulizwa na kuulizwa mpaka...

(Solveig anavua kofia yake, anaikunja mikononi. Kisha, kwa sauti ndogo: "Haya basi. Kama unapita njia hiyohiyo." Mama wa kamati ya kahawa anaanza kulia waziwazi. Darlene: "Napita, mwanangu. Napita njia hiyohiyo." Wote ukumbini wanajua kliniki iko mwendo wa saa mbili, na nyumbani kwa Darlene ni upande wa pili.)

Wananchi, naomba tusiharibu data! Mfumo umeshaandika hapana! Solveig, cheti chako! Anayetoka afunge mlango, baridi inaingia! (Watu wanainuka. Mmoja anamfungia Solveig lefse kwenye leso, mwingine anamshika mkono, mwanamume mmoja mnene mwenye kofia ya madereva wa lori anasema, "Mimi ndiye Mlapole, nitafuata nyuma yenu, njia ina barafu." Solveig anamtazama, anacheka, kisha machozi yanamtoka.) Naona baadhi yenu mna udhuru. Hakuna shida. Hotuba itachapishwa.

Kwa ninyi mliobaki, na naona mko wachache lakini wenye maono, naomba tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema Sahani Salama, ninyi mnasema Swali Moja! Sahani Salama! (Kimya.) Lishe ni Data! (Kimya.) Kaunti ya Kijani! (Malkia wa Wafugaji mstaafu: "Oyee," kwa huruma.)

Sasa nishukuru. Namshukuru Mwenyekiti kwa imani yake. Najishukuru mwenyewe kwa kutolala. Nawashukuru kipekee wananchi waliohojiwa, ambao niliwakuta kwenye foleni ya leseni za kuvua samaki chini ya barafu, nikawauliza mwenyewe huku foleni ikisogea. Namshukuru sana katibu wangu, Marvel Skogen, aliyejitolea kukaa nyuma ya pazia na karatasi yenye swali moja, kwa kuwa mtambo wenyewe bado haujanunuliwa, wala mzabuni hajapatikana, wala, nikisema kweli mbele ya wachungaji wawili, zabuni haijatangazwa, wala wazo lenyewe halijapita kwenye kikao. Lilinijia Jumanne nikiwa naoga. Marvel, toka wakuone. (Pazia linafunguliwa. Nyuma yake pana kiti na karatasi. Kutoka mlangoni mtu anasema, "Marvel kaenda nao.")

(Mchungaji wa upande ule wa barabara ananyanyua mkono: "Verlyn, kikundi umekifunga jana, na mtambo haupo. Kuna wengine kama yule binti, mimi nazika, najua. Mtu akizidiwa leo, atamwendea nani?")

Swali zuri sana, Mchungaji, na linaonyesha mwamko. Kwa kipindi hiki cha mpito, ambacho hatutarajii kizidi miaka mitano, msimamo rasmi wa ofisi yangu ni kwamba wananchi waulizane wenyewe. Asanteni kwa kuja kwenye uzinduzi.