Peptidi ya Daktari Mafuta

Udaktari alijitunuku mwenyewe, bila hafla. Siku hiyo Daktari Mafuta alikatiza nyuma ya maabara ya utafiti, akaona pipa la taka limejaa vichupa vitupu vyenye lebo "Peptidi". Wewe ungeona taka. Yeye aliona vipara vyote vya mji.

Akavijaza maji ya bomba na buluu ya kufulia, akaweka kofia yake sawa. Kofia ile haikuwa ya urembo. Nywele zilikuwa zinamhama, na tapeli wa dawa ya nywele mwenye kipara ni sawa na muuza viatu anayetembea peku. Nani atamwamini?

Aliingia saluni yenye wateja wengi kuliko viti. Pembeni alikaa shemeji wa msusi, kipara kinang'aa kama sahani, aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka.

"Peptidi ndiyo nini, Daktari?" msusi akauliza.

"Mkufu mfupi, dada yangu. Shanga zake ni asidi amino. Zikipangwa hivi, mkufu unajikunja umbo hili. Ukizipangua, unajikunja vingine. Sasa, seli ina dirisha, wataalamu wanaliita kipokezi, na dirisha hilo hufunguliwa na umbo moja tu."

"Mkufu unaingia ndani?"

"Wala. Unamjua mmbea anayejiheshimu? Haingii nyumba ya watu. Ananong'ona dirishani, huyoo anaondoka. Aliyesikia anawaambia wawili wa sebuleni, hao wanawaambia kumi wa jikoni, mpaka habari inafika chumba cha ndani kabisa, kwenye kiini cha seli: otesheni nywele. Ndiyo maana tone moja latosha."

Umbea nani asiyeuelewa? Msusi akanunua vichupa vyote.

Mwenye akili angehama mtaa. Lakini tamaa haina macho, na wiki iliyofuata Mafuta akarudi na mzigo mwingine. Akamkuta shemeji kakaa pale pale, kichwa kimejaa nywele nyeusi ti, anajichana kwa maringo.

"Mungu akuzidishie, Daktari," shemeji akasema.

Mafuta akakikodolea macho kichwa kile. Maji ya bomba? Buluu? Kisha akakumbuka: vichupa vile vya kwanza hakuviosha. Hivi vya leo kaviosha vizuri, mjinga yeye. Kumbe mle ndani alibaki mmbea mmoja wa kweli, na mmoja anatosha. Si alisema mwenyewe?

"Vya wiki ile vimebaki?" akamuuliza msusi.

"Vitatu. Ila siuzi, nimemwahidi mama mkwe."

"Mama mkwe wako ana nywele zake."

"Hujamwona bila kilemba."

Akatoa pesa zote alizokuwa nazo. Msusi akaguna. Akavua saa. Msusi akatazama dari. Akavua koti, na mwisho, mbele za watu, ile kofia. Akatoka kichwa wazi, vichupa vitatu kifuani kama mtu aliyebeba kichanga, anatabasamu peke yake.

Mlango ulipofungwa, saluni nzima ikaangua kicheko.

"Haya nibandue hili wigi," shemeji akalalamika. "Gundi inawasha. Na huko chini kipara bado ni cha buluu."

"Vumilia, shemeji," msusi akajibu, akijipima koti kwenye kioo. "Nywele zisipoota atarudi kuuliza alikosea wapi. Na viatu bado anavyo."